Betri ya moyo ndani ya UPPAAL: shajara ya mradi

2 Februari

Lengo ni kuandika kwa otomata zenye saa kidhibiti cha betri ya moyo ya vyumba viwili, aina inayoitwa DDD, kisha kukihakiki. Hakuna mgonjwa atakayewekewa kazi yangu. Mchana natengeneza programu za vidhibiti vya pampu na majenereta. Hili ni la usiku. Nimeichagua betri ya moyo kwa sababu karibu kila sharti lake ni la muda, na kwa sababu maelezo yake yanapatikana. Mwaka 2007 kampuni ya Boston Scientific ilitoa hadharani maelezo rasmi ya kifaa chake cha kizazi kilichotangulia, yakawekwa na Chuo Kikuu cha McMaster cha Kanada kama changamoto kwa watafiti. Mwaka 2012 kundi la Chuo Kikuu cha Pennsylvania likachapisha modeli yake ya UPPAAL. Mmoja wao ni Rajeev Alur, yule yule aliyeasisi otomata hizi pamoja na David Dill. Makala yao kuu ilitoka 1994.

Nitafuata mgawanyo wao wa kazi na vifupisho vyao. Moyo wenyewe nitauchora kivyangu.

Kwa atakayesoma shajara hii bila kuwahi kuigusa UPPAAL: programu hiyo ya kuhakiki modeli za otomata zenye saa ilitoka 1995, ikitengenezwa na vyuo vikuu vya Uppsala (Sweden) na Aalborg (Denmark), na jina lake limeungwa kutokana na miji hiyo miwili. Unachora vituo na mishale. Kila otomata ina saa zinazotembea zote kwa kasi moja, na saa yoyote unaweza kuirudisha sifuri ukipita mshale. Mshale una sharti la kupitia, mfano t >= 150. Kituo nacho kina sharti la kukaa, mfano t <= 150. Ukiyaweka yote mawili, umesema "ondoka hapa saa ikifika 150, si kabla wala si baada". Otomata zinaitana kwa chaneli: mmoja anapaza kwa alama ya mshangao, wenzake wanasikia kwa alama ya kuuliza. Basi, ni hivyo tu. Ugumu unakuja baadaye.

9 Februari

Kidhibiti kimekamilika kwa mara ya kwanza. Matukio ni manne: AS (kifaa kimehisi pigo la chumba cha juu), VS (la chumba cha chini), AP (kifaa kimekipiga chumba cha juu) na VP (kimekipiga cha chini). Otomata ni tano, kila moja na saa yake:

LRI inalinda kasi ya chini. Baada ya pigo la chumba cha chini, ikipita milisekunde 850 bila AS, piga AP.

AVI inafuata pigo la juu: subiri 150, na kama chumba cha chini hakijajipiga chenyewe, piga VP. Ukijumlisha 850 na 150 unapata 1000, yaani mapigo 60 kwa dakika.

URI inalinda kasi ya juu. VP isitoke kabla ya kupita 400 tangu pigo lililotangulia la chini. Hiyo ni mapigo 150 kwa dakika.

PVARP na VRP ni nyakati za uziwi. Baada ya pigo la chini, kifaa hakisikilizi chumba cha juu kwa 100, wala cha chini kwa 150, kisije kikahesabu mwangwi wa umeme wake chenyewe. Hiyo 100 ni fupi. Vifaa halisi huwekewa muda mrefu zaidi. Nimeuacha mfupi ili matatizo yajitokeze mapema.

Sehemu yenye utamu ni AVI ikigongana na URI. Tuseme AS imekuja 200 baada ya pigo la chini. AVI inataka VP kwenye 350, URI inasema si kabla ya 400. Kwa hiyo AVI ina kituo cha ziada, nimekiita "ngoja", ambako inasubiri saa ya URI ifike 400 ndipo ipige.

11 Februari

Leo nimechora moyo. Kishawishi ni kuchora moyo mzuri unaopiga 70 kwa dakika, halafu ukafurahi kwamba kila kitu kinafanya kazi. Moyo wa namna hiyo hauhitaji betri.

Wangu una chumba cha juu kinachojipiga wakati wowote mradi 600 zimepita tangu pigo lake la mwisho, na njia ya katikati ambayo ama inapitisha wimbi ama inaliziba. Chumba cha chini kinaweza kujipiga kivyake hata kisipoagizwa, ila si chini ya 200 tangu pigo lililopita. Kikomo hicho cha 200 si cha mapambo. Ukiruhusu moyo kupiga bila kikomo cha chini, modeli inaweza kupiga mara zisizo na mwisho ndani ya muda sifuri. Wataalamu huita tabia hiyo ya Zeno, kwa jina la yule Mgiriki, na inaharibu kila swali linaloanza na "hatimaye".

16 Februari

Maswali. Lugha ya maswali ya UPPAAL ni kipande cha TCTL, mantiki ya kueleza matukio pamoja na muda wake, na huruhusiwi kuweka swali ndani ya swali. Sharti lenye umbo la "kati ya tukio hili na lile zisipite milisekunde kadhaa" unalichorea otomata ya pembeni inayosikiliza tu, bila kuingilia. Nina mbili kwa sasa.

MlinziChini anarudisha saa yake sifuri kila ikitokea VS au VP. Swali: A[] MlinziChini.t <= 1000. Yaani katika kila njia na kila wakati, saa hiyo haizidi 1000.

MlinziJuu anaingia kituo "angalia" kila VP inapotoka. Swali: A[] (MlinziJuu.angalia imply MlinziJuu.t >= 400).

Na la tatu la desturi: A[] not deadlock, yaani modeli isikwame kamwe.

Yote matatu yamepita. Sijafurahi bado. Modeli inayopita maswali yote siku ya kwanza naitilia shaka kama naitilia shaka pampu isiyowahi kuonyesha kosa hata moja: huenda kitambuzi hakijaunganishwa.

17 Februari

Njia yangu ya kuijaribu modeli ni kuivunja kwa makusudi na kuona kama kihakiki kitalia. Nimekifuta kituo cha "ngoja". Sasa AVI ikifika 150 ni lazima iondoke, lakini mshale wa VP bado unadai URI iwe 400. Pigo la chini kwenye 0, AS kwenye 200: ikifika 350 AVI haiwezi kukaa wala kuondoka.

Nimeuliza A[] not deadlock. Jibu: limepita!

Nimeifuata hatua kwa hatua kwenye kiigizaji. Ikifika 350, muda unasimama kwa sababu ya sharti la kukaa. Ila chumba cha chini cha moyo kinaruhusiwa kujipiga chenyewe, 200 zimeshapita. Kikijipiga inatoka VS, AVI inarudi mwanzo, na maisha yanaendelea. Kihakiki kinaona kuna mshale ulio wazi, hivyo hakuna mkwamo. Maana yake kidhibiti kibovu kimemlazimisha mgonjwa apige moyo wake mwenyewe saa ile ile, na modeli ikakubali! Sharti la kukaa liko upande wa kifaa lakini aliyetii ni moyo.

Dawa yake ni kuupa moyo haki ya kunyamaza. Nimeongeza kituo "kimya" katika chumba cha chini, unaweza kukiingia wakati wowote na hutoki. Hapo hapo kihakiki kimelia: VS kwenye 0, chumba cha chini kinaingia kimya, AS kwenye 200, muda unakwama kwenye 350.

La kuogopesha zaidi ni kwamba wakati modeli ilikuwa imevunjika hivyo, swali la MlinziChini na la MlinziJuu yote yalikuwa yanapita, kwa usalama kabisa. Bila shaka yangepita. Muda ukisimama kwenye 350, hakuna saa itakayofika 1001. Kuanzia leo swali la mkwamo linakwenda kwanza, na kwa moyo ulio kimya.

Kituo cha "ngoja" kimerudi mahali pake.

22 Februari

Mwenzangu wa kazini kaichungulia modeli, akasema: "Ndugu, namba zako zote zinagawanyika kwa 50. Kwa nini usiandike 20 badala ya 1000, na 8 badala ya 400? Kompyuta itapumua."

Hoja ina mantiki ya mtu aliyezoea kuhesabu muda kwa mapigo ya taima. Ingekuwa kweli kama UPPAAL ingepita milisekunde moja moja. Lakini saa hapa ni za namba halisi, hazirukiruki. Alur na Dill walionyesha kwamba ingawa thamani za saa hazina idadi, unaweza kuzigawa katika maeneo yenye idadi maalumu: thamani mbili zilizo katika eneo moja haziwezi kutofautishwa na otomata. Shida ni wingi wa maeneo hayo. Kikomo chao cha juu ni idadi ya saa kwa faktoria, mara 2 kwa kipeo cha idadi ya saa, mara (2c + 2) kwa kila saa, c ikiwa ni namba kubwa kuliko zote ambayo saa hiyo inalinganishwa nayo. Kwa saa tano zenye c ya 1000, kikomo hicho kinazidi 10 kwa kipeo cha 20. Hapo kugawanya kwa 50 kungesaidia kweli.

UPPAAL haihifadhi maeneo. Inahifadhi kanda: seti nzima ya thamani inayoelezwa kwa tofauti za saa, kama "x haijaizidi y kwa zaidi ya 150". Kwa saa tano ni jedwali la 6 kwa 6, ile safu ya ziada ikiwa ya saa bandia iliyo sifuri daima, na linanyooshwa kwa hesabu ile ile ya kutafuta njia fupi kwenye grafu. Ukigawanya namba zote kwa 50, kila kanda inasinyaa kwa kiwango kile kile na idadi ya kanda inabaki vile vile. Tumejaribu mbele yake: idadi ya hali zilizopitiwa haikubadilika hata kwa moja. Akanyanyua mabega akaenda zake kunywa chai.

Kinachoumiza kweli ni kuongeza saa. Kila mlinzi ninayemchora anakuja na yake, na tatizo lenyewe la kufikia hali fulani limethibitishwa kuwa kamili kwa PSPACE, yaani ni miongoni mwa magumu kuliko yote kati ya yale yanayotatulika kwa kumbukumbu ya kiasi cha polinomia. Kwa hiyo nawaingiza walinzi mmoja mmoja, swali kwa swali.

1 Machi

Siku fupi. Kidhibiti halisi hakijibu papo hapo; kuna kukatiza, kuna foleni. Nimelegeza kila sharti la kukaa kwa upande wa kifaa: mahali pa t <= 150 sasa ni t <= 150 + e. Kwa e = 4 nimeiuliza UPPAAL kilele cha saa ya MlinziChini, na jibu ni 1008. AP inachelewa 4, halafu VP inachelewa nyingine 4. Anayetaka 1000 kamili inabidi atoe 8 kwenye 850. Kasi ya juu haijaguswa, maana kuchelewa hakuwezi kuifanya VP iwahi.

Nimerudisha e kuwa 0 ili njia za matukio zisomeke kirahisi.

8 Machi

Dada yangu ni muuguzi wa wodi ya moyo. Jana nilimwonyesha, nikamwambia kifaa changu hakiwezi kuzidisha mapigo. Akaniuliza: "Kaka, hivi huo moyo wako unapitisha umeme kwenda juu?" Haupitishi. Nilichora njia ya kwenda chini tu.

Akanieleza. Chumba cha chini kikijipiga kabla ya zamu yake, kwa baadhi ya watu wimbi linapanda kinyume mpaka chumba cha juu. Kifaa kinahisi pigo la juu, kinadhani ni la kawaida, kinasubiri, kinapiga chini. Pigo hilo nalo linapanda. Mgonjwa anakwenda mbio akiwa amelala kitandani. "Tunamwekea sumaku juu ya kifaa, inaacha." Sumaku inakifanya kifaa kisisikilize chochote, kipige tu kwa kasi isiyobadilika, na mzunguko unakatika.

Leo nimeongeza njia ya kupanda, yenye ucheleweshaji wa 200, ikiwa na masharti mawili: njia ikishapitisha wimbi inapumzika kwanza, na wimbi likifika juu linarudisha sifuri saa ya chumba cha juu. Kisha MlinziMzunguko, anayehesabu mifuatano ya VP, AS, VP isiyozidi 400. Swali: E<> MlinziMzunguko.n == 8. Yaani, je, iko njia hata moja ambamo hesabu yake n inafika 8? Moyo wangu haujipigi juu chini ya 600, kwa hiyo mfululizo kama huo hauwezi kutoka kwenye chumba cha juu chenyewe.

Inafikika. Njia aliyoitoa UPPAAL nainakili hapa kwa milisekunde:

0: chumba cha chini kinajipiga, VS.
200: wimbi linafika juu. Uziwi uliisha kwenye 100. AS.
350: AVI imeiva, URI haijaiva. AVI inaingia "ngoja".
400: VP.
600: AS.
800: VP.
1000: AS.
1200: VP.

Na kuendelea. Tazama inavyojibana kwenye 400 kamili. Kile kituo cha "ngoja" nilichokipenda ndicho kinachoupimia mzunguko mwendo: mapigo 150 kwa dakika, bila kikomo. Na wakati huo huo MlinziChini anapita, MlinziJuu anapita, hakuna mkwamo. Kifaa kimetii kila sharti lililoandikwa.

10 Machi

Dawa ya kwanza ni inayojulikana. Ikitokea VS bila pigo lolote la juu tangu pigo la chini lililopita, hiyo ni ya ghafla. Refusha PVARP iwe 400 kwa mara moja. Pigo linalopanda kwenye 200 linakuta kifaa ni kiziwi. Kwenye 850 inatoka AP, kwenye 1000 VP, na wimbi la kupanda linakuta njia bado inapumzika baada ya lile la kushuka.

n == 8 haifikiki tena.

Nimempigia dada kumtangazia. Jibu lake: "Na waya wa juu ukilegea?"

12 Machi

Waya ukilegea, AP inatoka kwenye kifaa lakini msuli haupokei. Nimeupa moyo hiari ya kutoipokea AP. Mzunguko umerudi mara moja, na bila pigo la ghafla lolote: AP kwenye 850 inapotea, VP kwenye 1000 inakuta njia iko huru, inapanda, AS kwenye 1200, VP kwenye 1400. Kwa macho ya kifaa VP ile ilitanguliwa na pigo la juu, kwa hiyo PVARP imebaki 100.

Kuzuia kila chanzo hakutawezekana, kila nikiuongezea moyo ugonjwa nitapata chanzo kipya. Nimebadilisha sharti lenyewe. Badala ya "mzunguko usianze", sasa ni "ukianza, uishe". Kifaa kinahesabu chenyewe mifuatano, na ikifika 8 kinarefusha PVARP iwe 400 kwa mara moja. Swali: A[] MlinziMzunguko.n <= 8. Limepita, waya ukiwa umelegea na pigo la ghafla likiruhusiwa.

15 Machi

Sasa upande wa pili: mkimbiaji. Nimeshusha kikomo cha chumba cha juu kutoka 600 hadi 400 na kuiziba njia ya katikati pande zote mbili. Mtu huyu anakimbia kweli, moyo wake wa juu unapiga 150 kwa dakika, na kifaa kinamfuata vizuri: VP kwenye 0, AS kwenye 250, VP kwenye 400. Kwa kifaa hii inafanana na mzunguko. Inafika 8, uziwi unarefushwa, AS ya 250 inatupwa. Inayofuata inakuja 650, VP kwenye 800. Pengo limekuwa 800 badala ya 400, katikati ya mbio.

Kwa MlinziChini 800 ni halali. Dada anasema mtu atahisi moyo umeruka pigo, na huenda akaja kliniki na hofu. Sitaki kuacha hivyo.

Tofauti ipo na inapimika. Nikirefusha AVI kuwa 250 kwa pigo moja tu, kwenye mzunguko AS ni 200, VP inasogea 450, na AS inayofuata inakuja 650: pengo la VP hadi AS ni 200 vile vile, kwa sababu linatoka kwenye njia ya kupanda. Kwa mkimbiaji AS ni 250, VP inasogea 500, lakini AS inayofuata bado iko 650 pale pale: pengo limeshuka kutoka 250 hadi 150. Hesabu ikifika 8, kifaa kiulize kwanza kwa pigo hilo moja, kisha ndipo kiamue.

Nimeiandika. Mzunguko sasa unaweza kufika 9, kwa hiyo swali limekuwa A[] MlinziMzunguko.n <= 9, na linapita. Kwa mkimbiaji nimeongeza A[] not Kifaa.uziwi_mrefu, kwa moyo usio na mapigo ya ghafla chini. Kilichobaki ni ule ucheleweshaji wa kupanda wa 200 kamili, ambao hakuna moyo unaouheshimu hivyo. Kesho naufanya uwe kati ya 180 na 220, nione kifaa kinapaswa kuvumilia tofauti ya kiasi gani kabla ya kumwita mkimbiaji mgonjwa.